Namba ya Doto

Mzee Kornel huvaa sweta hapa hapa Tabora, hata Oktoba, jua linapochoma mpaka mbuzi wanagombania kivuli. Chumba chake cha kompyuta, hapa hospitalini kwetu, kina baridi ya kiyoyozi. Kompyuta yenyewe si ya mezani. Ni kabati jeusi lenye kimo cha friji, nasi wa mapokezi tunaiita Mama Mkwe, kwa kuwa husemi nayo ovyo. Kornel ameihudumia tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Siku hizi ukimuuliza habari, anajibu kwanza "nimechoka", halafu ndiyo anasema nzuri.

Na kweli amechoka. Watengenezaji wa mfumo wake wa kuandikisha wagonjwa wako mbali, na hawataki mtu auguse ndani. Walichoacha ni upenyo mmoja: kabla mfumo haujamkataa mtu, husimama na kupiga hodi. Ukiwa umeweka programu yako ndogo hapo mlangoni, itaitika na kusema huyu mpitishe. Usipoweka, mfumo unaendelea na ukaidi wake. Na ukaidi wake ni huu: watoto wawili wa mama mmoja, jinsia moja, waliozaliwa siku moja, kwake ni mtoto mmoja aliyeandikwa mara mbili. Wa pili anakataliwa. Unyamwezini hapa, ambako kila ukoo una mapacha wake, Kulwa wa kwanza na Doto wa pili! Zamani tulimsogezea wa pili tarehe ya kuzaliwa kwa siku moja. Watengenezaji wakaugundua ujanja huo, wakauziba.

Basi Kornel akaandika programu ya mapacha, akaiweka mlangoni. Lakini kila likija toleo jipya la mfumo, linafagia kila kitu, naye anaanza upya kuiunganisha na kuijaribu. Amewapigia simu awaombe waiingize ndani moja kwa moja; wanamwambia mapacha ni wachache. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Toleo la juzi lilipoifagia tena, alivua miwani akaniambia, "Safari hii siirudishi, Eustadia. Mwezi ujao nastaafu. Niacheni nikafuge nyuki."

Sikumlaumu.

Jumatatu akaja Jenifa, binti wa Igunga aliyehamia karibuni mtaa wa Chemchem hapa mjini, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kifuani, wote wavulana, wote wamefikia umri wa chanjo ya surua. Kulwa akapata namba. Doto akakataliwa. Nikajaribu tena, akakataliwa tena. Bila namba hakuna kadi, na bila kadi chumba cha chanjo hawampokei. Foleni ilishaanza kuguna. Nikamwita Kornel, akaja akiburuta ndala, akasimama nyuma ya kiti changu.

"Shikamoo, baba," Jenifa akamwambia.

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, msihangaike. Mwandikeni huyo Kulwa tu. Watatumia kadi moja, si ndugu?"

Kusema kweli niliona amesema jambo la maana. Nilikuwa na njaa, na watu walikuwa wengi. Nikashika muhuri.

"Hapana," Kornel akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Eustadia, weka huo muhuri chini. Mama akae. Asiondoke."

Akarudi chumbani kwake. Watu wakanung'unika, wakamtukana Mama Mkwe, mmoja akanitukana mimi, nami nikamrudishia. Jenifa alinyonyesha kwa zamu. Chai aliyoiacha Kornel ikapoa dirishani kwangu. Ilipokaribia adhuhuri akagonga kioo. "Jaribu."

Nikaandika. Mfumo ukasita kidogo, kisha Doto akapata namba yake.

Jenifa akacheka kwa furaha. "Baba, kumbe na wewe una mapacha?"

"Mimi mwenyewe ni Doto."

Miaka yote niliyofanya kazi naye sikulijua hilo. Sisi tulilijua jina la ubatizo tu.

"Na Kulwa yuko wapi?" Jenifa akamuuliza.

Kornel akawatazama watoto, mmoja baada ya mwingine. "Chanjo ilipoanza kuja kijijini kwetu, nilitangulia kuchomwa mimi. Yeye alipofikishwa, nesi akaona alama kwenye kadi, akasema huyu tayari. Surua ilipoingia, ikamchukua. Kadi yetu ilikuwa moja, mwanangu."

Nikaandika kadi ya pili, kwa mwandiko mzuri kuliko wa ile ya kwanza. Nikaigonga muhuri, nikampa Kornel amkabidhi Doto yeye mwenyewe.