Barua Nilizoziandika na Kuzijibu Mwenyewe

Kila Alhamisi mchana nilikaa katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa wamama, hapa Kamina, nikiwa na daftari na kalamu, nikingoja wenye shida. Gazeti letu la wanawake lilikuwa dogo, karatasi chache zilizobanwa kwa pini mbili, na ukurasa uliosomwa kuliko kurasa zote ulikuwa wa mashauri. Wengi waliotaka shauri hawakuzoea kuandika. Basi walisema, mimi nikaandika barua yao, kisha nikaenda nayo nyumbani na kuijibu. Swali kwa mkono wangu, jibu kwa mkono wangu. Siku zile sikuona ubaya.

Nilikuwa nimerudi kutoka Lubumbashi na riwaya niliyokuwa sijamaliza kuiandika ndani ya begi. Kabla ya kuandika shauri langu la kwanza nilifungua rundo la magazeti ya zamani, lililofungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, nikasoma majibu waliyopewa wanawake wakati mama yangu alipokuwa msichana. Aliyepigwa aliambiwa aonje tena mboga yake, pengine haina chumvi ya kutosha. Aliyeachwa aliambiwa ajipake mafuta, angoje. Waliitwa ua la nyumba, binti yangu mpendwa, na kila jibu liliishia magotini: piga magoti kwa Mungu, piga magoti kwa bwana. Nilicheka, kisha nikachukia. Niliapa kwamba ukurasa wangu hautampigisha mtu magoti.

Nikaleta maneno mapya. Jitambue. Thamani yako. Mwili wako ni wako. Niliyapenda kama viatu vipya, kwa mlio wake.

Yule mama alikuja msimu wa mvua, unga umemkauka mikononi. Alizaliwa Kaniama, akaolewa na karani wa ghala la mahindi, mtu wa Kasai, na waliishi ua mmoja na mama mkwe. Alikaa ukingoni mwa benchi.

"Mamzeli, andika pole pole," alisema. "Minyi nilienda kusaga muhindi. Mwenye mashini akafunga mulango, akanikamata. Nilimuluma mukono, nikatoka. Haikufika mbali. Lakini alinigusa."

"Bwana yako anajua?"

"Angejua, ningekuwa hapa?" Alicheka kidogo. "Haujue mambo ya bantu ya Kasai? Nikisema, ni tshibau. Nikinyamaza, ni tshibau vilevile. Mutoto wangu mudogo iko na homa, inatoka, inarudia. Mama mukwe ameanza kuniangalia."

Nilijua. Kwao, mke aliyeguswa na mwanamume mwingine, hata kwa nguvu, hubeba tshibau, mwiko uliovunjwa, ambao utawaangukia mume na watoto akiendelea kuwapikia bila kuwaambia wakubwa. Akiwaambia, wakubwa humketisha mkekani mbele yao na kuamua. Nilijua hayo kama mtu anavyojua jina la mto ambao hajauvuka.

"Nauliza kintu kimoja tu," alisema. "Niseme ao ninyamaze? Juu ya batoto. Sitaki babakie bila minyi."

Nikaandika: *Nilinyanyaswa kijinsia. Naogopa kuvunja ukimya.* Aliniomba nimsomee.

"Ile njo maneno yangu?"

"Njo yenyewe. Kwa Kiswahili cha gazeti."

"Basi nimekuwa muntu mukubwa," alisema.

Homa ya mtoto sikuiandika. Niliona inaharibu barua. Watoto nao sikuwataja.

Jibu lilinitoka kwa pumzi moja: *Dada, aibu si yako. Sema. Ukimya ndio unaokuua. Anayekupenda atasimama nawe.* Niliwasomea rafiki zangu wanaoandika mashairi, na mmoja akasema mkono wangu umekomaa. Gazeti lilipotoka nilimsomea yule mama mara mbili. Akaikunja karatasi, akaifunga ndani ya pindo la kitenge.

"Atasimama na minyi," alirudia. "Kumbe gazeti inamujua bwana yangu kunishinda."

Alisema Jumapili, baada ya misa. Mume hakupiga kelele. Aliinuka akamwita mama yake, na mama akawaita wajomba. Nilisikia hayo kwa mama mkwe mwenyewe, aliyekuja Alhamisi na kichane cha ndizi kunishukuru. Mzee mwenye adabu, aliyefukuzwa katika mji huu zamani pamoja na watu wengine wa Kasai, furushi kichwani, kisha akarudi.

"Mwanangu, gazeti yenu ilitusaidia. Alikuwa anaficha. Gazeti njo ilimufungua kinywa, akaungama."

"Hakuungama, mama. Alishitaki. Mwenye mashini njo alikosa."

"Njo vile, alikosa," alikubali kwa upole. "Na mwanamuke aliguswa. Ile mambo mbili haigombane."

"Na sasa?"

"Atarudia kwao. Batoto ni ba huku. Mutoto iko mugonjwa, mwanangu. Tungengojea nini?"

Jioni ile nilifungua tena rundo la zamani. Sikutafuta muda mrefu. Mwanamke mmoja wa wakati ule alikuwa ameuliza karibu yaleyale, akajibiwa: *Binti yangu mpendwa, ungama kwa wakubwa, nao watakupokea.* Niliuweka ukurasa huo kando ya wangu. Mjibuji wa zamani alimwambia wake apige magoti, mimi nilimwambia wangu asimame, na sote wawili tulikuwa tumewatuma kwenye mkeka uleule, mbele ya wanaume walewale.

Jumamosi nilimkuta yule mama kwenye kituo cha pikipiki za Kaniama, ameshapanda nyuma ya dereva, beseni limefungwa pembeni kwa kamba. Nilimwomba msamaha. Alinitazama kama mtu aliyeombwa kitu asicho nacho.

"Weye uliandika muzuri," alisema. "Nilisema paka vile vile uliandika. Hata ile neno ukimya nilisema. Bwana akauliza ile ni Kiswahili ya wapi."

"Mama, tunaweza kwenda kwa wakubwa, nitawaeleza..."

"Mutoto alipona," alinikatiza. "Tangu juzi, siku walinitosha inje ya nyumba. Homa haikurudia. Banasema muliona, ni yeye njo alikuwa anaileta." Alirekebisha kitenge magotini. "Kama nikirudia na homa ikarudia, nitabaambia nini? Weye unajua kuandika. Niambie."

Dereva aliwasha pikipiki. Yule mama alikuwa bado ananiangalia, akingoja, kama alivyongoja siku ile ukingoni mwa benchi.