Niliapa Binti Yangu Ni Mtoto ili Magauni Yapite Forodhani

Kosa ni langu, msinitafutie udhuru. Mimi ni mwenye duka hapa Garsen, mtu mzima na ndevu zangu, na nilichofanya hata mwizi wa kuku angekionea haya.

Mwaka ule Malkia alipovikwa taji niliagiza robota la magauni kutoka Adeni. Likashushwa Kipini, kwenye banda la forodha. Nguo za watoto zilitozwa ushuru mdogo, za watu wazima mkubwa. Yangu yalikuwa magauni ya wanawake wembamba. Nikayaandikisha nguo za watoto. Nilijiona mjanja kweli!

Karani wa pale nilimdharau tangu nilipomtia machoni. Kijana wa bara, kaptula imepigwa pasi, kitabu cha ushuru kwapani. Nikasema moyoni, huyu atajua nini kuhusu magauni?

Kumbe mjinga nilikuwa mimi. Alitandaza gauni moja mezani, akapima mabega, akapima kiuno, akanitazama.

"Mzee, hii ni ya mtoto gani?"

Binti yangu alikuwa nje, kivulini. Nilikuja naye Kipini kwa shangazi yake ashonewe nguo za harusi. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mfupi, mwembamba, na kijana mmoja wa Wenje alikuwa ameshamposa. Walipendana, jambo ambalo sisi wazazi hujifanya hatulioni. Nikamwita.

"Ya mtoto kama huyu," nikasema. "Mwanangu. Ana miaka kumi na moja."

Binti akalishika gauni mbele ya buibui lake. Likamkaa sawasawa, nawaambia! Karani akanitaka niape. Nikaapa, Wallahi, bila hata kumeza mate. Kisha akamgeukia binti yangu.

"Ni kweli, wewe ni mtoto?"

"Baba keshasema," akajibu, macho chini.

Karani akaandika, nikatia sahihi, nikatoka nje nacheka. Binti yangu hakucheka.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu ulivyozidi. Mle bandani palikuwa na mzee mmoja amekaa juu ya gunia, anangoja mzigo wake. Nilimwona, nikampuuza. Kanzu ya viraka, miguu ya matope, mkulima wa mtoni tu! Alikuwa ami yake yule kijana wa Wenje, nami sikumjua kwa sababu mambo ya posa niliyaachia wanawake na wazee wengine. Hata kuwajua wakwe sikuona haja.

Wiki haikuisha, wakaja dukani kwangu watu watatu, mzee yule mbele. Kahawa hawakuigusa.

"Sisi tuliposa mwanamke," akasema taratibu. "Wewe umeapa kwa Mungu kuwa ni mtoto. Na wewe ndiye walii wake, neno lako ndilo litakalomwoza. Sasa tuambie hapa hapa. Ni mtoto, ama umeapa uongo?"

Ningesema tu nimeapa uongo! Wangenikemea, labda wangenitemea mate, lakini harusi ingekuwepo. Yale magauni, lakini, yalikuwa yananing'inia nyuma yangu, na dukani wamejaa watu wenye midomo. Nikaona habari ikimfikia karani, nikaona mzigo ukichukuliwa, nikajiona nimefungwa. Woga wa panya!

"Ni mtoto," nikasema.

Na binti yangu yuko nyuma ya pazia, anasikia.

Wakaaga kwa adabu, wakaondoka. Kijana yule akaoa kwingine, huko Nanighi, kabla ya masika. Magauni niliyauza yote, wakayavaa wake za watu, nami nikayaangalia yakipita mlangoni kwangu.

Mwaka jana akaja mposaji mwingine, mtu mwema, mwenye ng'ombe wake. Nikamfuata binti yangu jikoni na habari hiyo, natabasamu kama baba wa maana. Hakuacha kupepeta mchele.

"Waambie mimi bado ni mtoto, baba. Si uliapa?"

Wewe unayesoma haya na una mzigo forodhani, lipa ushuru wako wote, hata ukikuuma. Na kama umeshadanganya, siku ukiulizwa sema umedanganya, mbele ya wateja, mbele ya wakwe, hata kama ni kufungwa. Mimi sikufungwa. Niko nyumbani kwangu, ananipikia, ananitengea, na tangu siku ile ya mchele hajaniita baba tena.