Ngozi ya Mkono wa Yolande

"Hii ngozi haiko yako," Claudine alirudia, midomo imembinuka. "Ni ya muzungu fulani mwenye alikufa. Ulilala, bakakubandika. Alors, utajua namna gani?"

"Balikata ku paja yangu. Si uliona bandeji?"

"Bandeji ya kuonyesha tu. Muntu mwenye kulala ku hospitali anajua nini?"

Yolande alinyoosha mkono wa kulia mbele ya muuguzi, akaendelea kukodolea macho dari la saluni yake kana kwamba kuna sinema huko juu.

Kabla ya balaa, hapakuwa na msusi wa kumfikia Matonge nzima, mtaa wa Wakongo jijini Brussels. Mwanamke aliyeingia kwake na msiba alitoka anatabasamu, kwa maana mistari ya nywele ilimvuta uso mpaka masikioni, na tabasamu halikulegea wiki nzima, atake asitake. Kisha ikaja siku ya komunyo ya mwanawe. Yolande alikuwa anakaanga mandazi, sufuria ikateleza, mafuta yakamwagikia mgongo wa mkono. Kelele aliyopiga ilisimamisha tramu kule mtaa wa Forest, na dereva wake hadi leo hajui alimsimamia nani.

Hospitalini waliondoa ngozi iliyokufa, wakapandikiza nyingine. Claudine, dada ya mume wake na muosha vichwa katika saluni yake, alikwenda kumwona, akachungulia chini ya bandeji, akakuta wekundu wa nguruwe mchanga. Jumapili hiyo, padri hajavua hata joho, habari ilishafika Antwerp na kurudi: Yolande amevalishwa ngozi ya maiti. Nani angekubali vidole vya maiti kichwani mwake? Viti vikabaki vitupu. Na lililomuumiza Yolande zaidi, usiku na mchana, ni kwamba yeye mwenyewe alianza kusadiki. Kila bandeji ilipobadilishwa alitazama juu, asije akaona mkono wa mtu asiyemjua.

Leo bandeji ya mwisho ilikuwa inatoka. Aliyeifungua ni Paula, muuguzi wa majumbani mwenye mvi, Mbelgiji mzaliwa wa Kolwezi, Kongo, enzi baba yake alipokuwa kazini mgodini.

"Bamama, munyamaze kidogo," Paula alisema. "Ngozi ya muntu mwingine, mwili unaitupa. Haukai nayo wiki nyingi. Hii imeshika, tena inakula damu."

"Ngozi inakula?" Claudine aliuliza.

"Ile ya juu kabisa ni tishu ya kufunika. Inazuia uchafu kuingia, inazuia maji ya mwili kutoka. Lakini haina mishipa ya damu. Inalishwa na tishu ya chini yake, yenye kufunga na kuunganisha kila kitu, kama vile mafundo yenu yanashika rasta ku nywele. Mafuta ya moto yalikula ya juu, yakakula na sehemu ya chini. Misuli haikuguswa. Maman Yolande, kamata kitana."

Yolande, macho bado darini, akakikamata. Vidole vikajikunja vyote, taratibu, kama wazee wanaoinuka kanisani.

"Bon. Misuli inavuta. Sasa tuone neva, yenye kupeleka habari ku ubongo."

"Basi hiyo ni Claudine," Yolande alisema.

Paula alimgusa mgongo wa mkono kwa ncha ya kitana. "Unasikia?"

"Kidogo. Kandokando. Na inaniwasha sana."

"Kuwasha ni kuzuri. Siku ile uliungua, pale katikati hukusikia kitu, na hapo ndipo madaktari waliogopa. Neva zinarudi pole pole. Utasuka, lakini kichwa kimoja kwa siku."

"Na rangi?" Claudine hakukubali kushindwa. "Ile rangi ni ya nani?"

"Yake. Inachelewa tu kuamka. Tazama mwenyewe, maman."

Yolande aliteremsha macho kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Wekundu ulikuwepo, lakini kahawia ilishaanza kuutawanyikia kama kahawa iliyomwagikia maziwa. Na katikati, vistari viwili vyeusi, vimesimama sambamba. Akavikazia macho. Akaegemea mbele. Kisha akapandisha kikwembe alichojifunga mpaka pajani, mbele ya watu, na hapo pembeni ya kovu palibaki kistari cha tatu, ndugu yao.

Ni chale. Huko Likasi, Kongo, mtoto Yolande alipochelewa kutembea, bibi yake alimchanja pajani kwa wembe akampaka dawa ya mkaa. Daktari alipochukua ngozi alichukua viwili, akaacha kimoja.

Yolande alicheka mpaka machozi yakamchuruzika shingoni, moyo ukamtulia kwa mara ya kwanza tangu komunyo. "Bibi yangu aliogopa hata baiskeli," alisema. "Sasa amefika Bruxelles, amekaa ku mukono."

Paula naye alicheka. Claudine alisogea, akainama, akahesabu chale kama anayekagua noti bandia.

"Bon," alisema hatimaye. "Nilisema tu haiko ya mukono."

"Utakwenda kusema leo leo. Kwa kila muntu uliyemwambia."

"Nitasema. Nitasema hata vizuri zaidi, kwamba bibi alijua mutoto ataungua, akaweka alama. Na mimi, tangu mwanzo, nilikuwa ninabaambia—"

Mlango ukafunguka. Tatiana wa kwaya, mmoja wa wateja waliokimbia, aliingia, akafungua kitambaa cha kichwa, akaketi kwenye kiti cha Yolande, tayari kusukwa.