Goli la Kuachiwa

Kocha Filimbi hakuwa na mchezo na mtu. Ukichelewa mazoezini, unazunguka uwanja mpaka ulimi nje. Lakini kwa mdogo wake wa mwisho, dada aliyezaliwa na ulemavu wa akili, yule mzee wa makelele aligeuka uji. Mama yao alipofariki alimwachia neno moja: mtunze. Naye akamtunza kama yai. Dada alifua jezi, akajaza chupa za maji, akabeba mipira. Kucheza? Thubutu!

Yakaja mafunzo ya makocha wa timu za mchanganyiko, wenye ulemavu wa akili na wasio nao katika timu moja. Dada hakumpa pumzi: "Kaka, nenda ukasome, na mimi nicheze."

Filimbi akaenda. Akajifunza kutoa agizo moja moja, kuonyesha kwa vitendo, kupunguza kufoka. Siku ya majaribio aliongoza mechi, dada yake naye kavaa jezi, mkufunzi wake, mama mmoja mpole, akimtazama. Basi jamaa si akawaita mabeki na kipa pembeni! "Akija dada yangu, mwachieni."

Dada akapata mpira. Beki akajiangusha, kipa akaruka upande usio na kitu. Goli! Filimbi akapiga makofi peke yake. Dada aliutoa mpira wavuni, akaja nao mpaka miguuni pa kaka yake.

"Wameniachia."

"Nani kakwambia?"

"Siku zote nakaa pale naangalia. Huyu beki haanguki hivyo." Akavua jezi. "Sichezi tena. Bora nibebe chupa. Chupa nabeba kweli." Akaitupa jezi chini, akaenda kukaa kwenye chupa za maji.

Lo! Filimbi alimgeukia mkufunzi.

"Usiniangalie mimi, kocha," mama yule alisema. "Wa kuongea naye yuko kwenye chupa."

Huruma nyingine, jamani, ni dharau iliyooga ikajipaka mafuta. Filimbi alijua hivyo sasa, na aliona aibu. Akachuchumaa kando ya dada yake.

"Mdogo wangu, naogopa watakuumiza."

"Wewe hawakukuumiza?"

"Waliniumiza. Goti hili hapa."

"Ukaacha?"

Filimbi alinyanyuka. Akaokota jezi, akaikung'uta vumbi, akampa kwa mikono miwili. Kisha akamwita beki: "Mkabe. Kikweli."

Mpira ukaanza. Beki akamwendea, akamnyang'anya mpira, dada akaenda chini puu! Goti likachubuka. Filimbi alikuwa tayari ameingiza mguu mmoja uwanjani. Akaurudisha mguu.

Dada alinyanyuka, akalitazama goti lake, akacheka mpaka jino la mwisho. "Kaka! Umeona? Amenikaba!"

"Nimeona!" Filimbi alimfokea, kwa mara ya kwanza maishani, kwa sauti ileile ya kufokea wengine wote. "Sasa unasimama kupigwa picha? Rudi ukabe!"

Mkufunzi alifungua mdomo amkanye kwa makelele yale, akaufunga. Dada alikuwa ameshamfuata beki, mbio.