Tangi la Injini ya Kaloleni

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Tobias aliipangusa injini yake ya mashua kwa fulana kuukuu, akavuta kamba mara moja, akasema, "Leo." Miaka mitatu ilikuwa leo. Injini ilifungwa kwenye pipa la maji mlangoni, huku Kaloleni, mtaa wa jijini ambako ziwa la karibu ni dimbwi la bomba lililopasuka. Mkewe, Asenath, alipita ubavu-ubavu akienda kuteka maji.

Kule ziwani Homa Bay, kaka yake Tobias, Sylvance, alipiga makasia kwa bega bovu, akiingoja injini hiyo ya marehemu baba yao.

Lilibaki tangi la petroli tu. Lile la zamani lilisukuma petroli kwa hewa iliyoshindiliwa ndani. Gichuru, jirani fundi wa kuchomelea, alilitazama akarudi nyuma. "Kapteni, hilo ni bomu lenye mpini." Tangi jipya la plastiki lilitaka pampu, na injini ya umri ule haikuwa na pa kuifunga. Basi Tobias, mtu aliyetengeneza vichwa vya treni huko Reli miaka thelathini, akatafakari miezi minane tu, akachagua tangi la pikipiki, akalitundika juu ya dirisha ili petroli iteremke yenyewe.

"Harufu hiyo isiingie kwa ugali wangu," Asenath akaonya.

Tobias, mume mtiifu, akaziba kifuniko kwa raba na sabuni. Injini ikanguruma, watoto wakashangilia, baada ya dakika mbili ikazima. Akafungua kabureta, akaisafisha. Ikazima. Akaifungua tena, labda ilikuwa imemficha kitu.

Sylvance akapiga simu: bega limekataa, mashua inauzwa Jumamosi.

Alhamisi injini ilipozima tena, Asenath aliweka ndoo chini, akapanda kigoda, akang'oa ile raba. Tangi likavuta pumzi, fyuuu!

"Baba Winny, hata kopo la maziwa natoboa matundu mawili. Moja la maziwa, moja la hewa. Huko Reli mlikuwa mnafundishwa nini?"

Injini ikanguruma mpaka petroli ikaisha. Gichuru akapiga saluti.

Tobias akaifunga injini kwa blanketi, lile zuri bila shaka. "Naipeleka kwa Sylvance. Narudi Jumatatu."

"Haya," Asenath akasema, tayari akiloweka nguo kwenye pipa. Aliijua Jumatatu hiyo, ilizaliwa tumbo moja na ile "leo."

Tobias akapinda kona ya ukumbi wa mtaa, injini begani, na hakurudi Jumatatu ile wala zilizofuata; ziwa lilikuwa limempata.