Supu ya Biubwa

Kwao Mboni ni Msimbu, upande wa Kisarawe, na huko tambi si kazi ya mtu mmoja. Shangazi yake, aliyewahi kufanya kazi nyumbani kwa Mwarabu mmoja mwenye duka akajifunza mapishi ya humo, alikuwa akikanda unga wa ngano asubuhi, anaufunika kwa kitambaa, kisha anapaza sauti kuwaita majirani. Wanawake wanakuja, wanajipanga mkekani, kila mmoja na donge lake. Wanamega kidogo, wanavingirisha baina ya vidole viwili, wanakata kwa ukucha, na kipande kidogo kama punje ya mpunga kinadondoka kwenye ungo. Ungo unajaa wao wakicheka mpaka machozi, maana hakuna habari ya mtu ambayo haikupitia pale. Mboni alikulia katika kelele hizo. Alipoolewa mara ya kwanza akaachwa kwa kuwa hakupata mtoto, alirudi kwenye mkeka uleule. Hawakumuuliza kitu. Walimsogezea donge la unga, basi.

Vita vya Hitla vilipokwisha, akaja mposaji. Jina lake Mwinyimadi, kibarua wa reli kwenye gengi la Kwala, kundi la watengeneza njia, mtu mzima, mpole, asiye na maneno mengi. Mkewe, Biubwa, alikuwa amefariki na kumwachia watoto wawili: Zubeda, mtoto wa miaka minne hivi, na Mashaka, bado wa kubebwa. Shangazi alisema, "Mwanangu, huko utakuta watoto tayari. Nenda ukalee." Mboni akafunga mzigo wake, wakatembea hadi kituo cha Soga, wakapanda treni.

Kwala ilikuwa pori, reli, na nyumba chache za watu wa gengi. Mwinyimadi aliondoka na wenzake alfajiri kwenye kiberenge, kigari chao cha relini, na mara nyingine kazi iliwaweka mbali wiki nzima. Nyumbani alibaki Mboni na watoto, na mama mkwe, Bi Mwanamvua.

Bi Mwanamvua hakuwa mkali. Hakumtukana, wala hakumsengenya kwa watu. Ila hakusema naye. Mboni akipiga goti, "Shikamoo, mama," alijibiwa "Marahaba," macho ya bibi yakiwa mlangoni kana kwamba kuna mgeni mwingine anayetarajiwa. Akitaka maji, aliwaambia watoto: "Mwambieni mwenzenu maji yamekwisha." Mboni alikuwa amekaa palepale anapepeta mchele, anasikia kila neno. Zubeda alimgeukia na kusema kwa adabu, "Mama mdogo, bibi anasema maji yamekwisha." Naye aliinuka, akachukua mtungi.

Mwanzoni alidhani ni haya za mkwe na mkwe, zitaisha. Mavuno yakaja, yakapita. Akazoea, kama mtu anavyozoea kijiwe ndani ya kiatu, lakini jioni alikuwa akijikuta anazungumza na kuku.

Masika ya mwaka mmoja yalikuja na hasira. Mto Ruvu ulifurika, tuta la reli likamomonyoka, na wanaume wote wa gengi wakachukuliwa kwenda kulijenga upya. Siku hizohizo homa ikaingia nyumbani. Ilianza kwa Mashaka, ikamfuata Zubeda, kisha ikamlaza Bi Mwanamvua mwenyewe. Mboni alichemsha mwarobaini, akawakanda kwa maji, akawapikia uji. Watoto walikunywa kidogo wakatapika. Bibi alifumba mdomo na kugeukia ukutani.

Akakumbuka kwamba kwao mgonjwa akikataa kila kitu hupewa supu ya tambi. Unga wa ngano ulikuwepo, aliuweka kwa ajili ya Idi. Kuku alikuwa naye mmoja mnene, yuleyule aliyekuwa akizungumza naye. Alimkamata, akamshika kwapani, halafu akasimama mlangoni. Nani atamchinja? Wanaume hawakuwepo. Alijitanda kanga mbili, akapita kwenye matope hadi nyumba ya mwisho, kwa mzee Salumu aliyeumia mguu zamani akaachwa na gengi.

"Shikamoo, babu. Nina wagonjwa. Nichinjie."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mke wa Mwinyimadi? Mbona hatukuoni?"

Mboni alimnyoshea kuku. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mvua ianze mtu mzima kumuuliza jambo. Mzee alisoma bismillahi, akachinja, akamrudishia kuku wake. Mboni akashukuru na kuondoka haraka kabla hajalia mbele ya watu.

Alimweka kuku motoni na kitunguu, pilipili manga na kipande cha tangawizi. Kisha akakanda unga, akatandika mkeka, akakaa katikati yake. Mkeka ulikuwa mkubwa. Akamega donge, akavingirisha, akakata. Punje ikadondoka. Akamega tena. Kule Msimbu kazi hii ilikwenda yenyewe, hujui saa ngapi imeanza. Hapa kila punje aliiona ikianguka. Vidole vilimuuma, na ungo ulikuwa kama haujaguswa. Akajaribu kuimba wimbo wa mkekani, lakini ule ni wimbo wa kupokezana, na alipofika mahali pa kupokewa alinyamaza. Nje ilikuwa mvua tupu.

Kwa kuwa hapakuwa na jua, alianika tambi juu ya meko, akawa anazigeuza ili zisishike moshi. Nyama ilipoiva aliichambua, akarudisha mchuzi motoni, akamimina tambi. Zilivimba zikaelea, laini, nyeupe. Akakamulia ndimu. Harufu ilijaa nyumba nzima, na Mashaka akalia kwa njaa. Mboni alishukuru Mungu kusikia kilio kile.

Watoto walikula. Zubeda alimaliza bakuli akalala, jasho likaanza kumtoka. Mboni akabeba bakuli la tatu, akaketi kando ya kitanda cha Bi Mwanamvua, akamwinua kichwa. Alitarajia mdomo ufumbwe. Badala yake bibi alionja, akameza, akafumbua macho yaliyojaa homa na kumtazama usoni. Hakuwahi kumtazama hivyo hata siku moja.

"Biubwa," akasema. "Umerudi, mwanangu?"

Kijiko kilisimama hewani. Zubeda alijigeuza kitandani mwake.

"Naam, mama," akajibu Mboni.

"Nilijua tu. Hii ni supu yako. Nani mwingine ananipikia hivi?" Akafungua mdomo tena kama mtoto. Alikula vizuri, akipumzika katikati, akizungumza. Alieleza habari za shamba la muhogo, na kitovu cha Mashaka, na kanga moja aliyokuwa ameificha asiione panya. Maneno yalimtoka kama maji. Kisha akamshika Mboni mkono, akateremsha sauti.

"Kuna mwanamke humu ndani. Anatumia vyungu vyako. Mwambie aende kwao."

Mboni alimfuta kidevu kwa upindo wa kanga.

"Nitamwambia, mama."

"Mwambie kwa upole. Hana ubaya."

"Nitamwambia kwa upole."

Bibi akalala, bado kaushika mkono ule. Mboni hakuuvuta. Alikaa hivyo mpaka mguu ukafa ganzi, akisikiliza wote watatu wanavyopumua.

Homa iliwaachia. Bi Mwanamvua aliamka hana kumbukumbu, akarudi kutazama mlango. Siku chache baadaye aliwaambia watoto, "Mwambieni mwenzenu ile supu atengeneze tena." Mboni akatengeneza. Mwinyimadi alirudi kutoka Ruvu amekonda, naye akala, akalamba vidole. Walipokuwa wawili tu, Mboni akamuuliza, "Biubwa alikuwa anapika nini?"

Mwinyimadi alifikiri. "Chakula," akasema. "Alikuwa mtu wa kucheka sana." Akajinyoosha akalala.

Miaka ikaenda. Tambi zikawa chakula cha nyumba ile kila masika, na kila masika Mboni alizivingirisha peke yake, kwa maana Zubeda hakupenda kazi ya kukaa. Bi Mwanamvua alifariki kwa uzee. Mboni ndiye aliyemgeuza na kumsafisha mpaka siku ya mwisho, na hadi siku hiyo maneno yalipitia kwa watoto. Mashaka alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi bandarini. Zubeda aliolewa Maili Moja.

Zubeda alipojifungua, Mboni alitembea hadi Mlandizi, akapanda lori la mkaa, akafika kwa mkwe wake na mfuko wa tambi kavu mapajani. Akapika. Majirani waliokuja kumwona mzazi walionjeshwa, wakasifu.

"Hii ni supu ya marehemu mama yangu," Zubeda akawaambia, mtoto kifuani. "Alikuwa akimpikia bibi. Ndiyo kitu pekee ninachokumbuka kwake. Mama mdogo huyu alijifunza, Mungu amlipe."

Mboni alingoja wageni waondoke. Hakujua kwamba angesema. Alisikia tu sauti yake mwenyewe.

"Zubeda, supu ile ni yangu. Nimetoka nayo Msimbu."

"Mama mdogo! Bibi mwenyewe alisema. Nilimsikia kwa masikio yangu."

"Bibi alikuwa na homa. Nawe pia."

Mboni aliona uso wa Zubeda unavyobadilika, kama mtu anayetafuta kitu ndani ya sanduku na mkono unagusa mbao tu. Machozi yakamdondokea mtoto kichwani.

"Basi sina chochote chake," akasema. "Hata sura siioni."

Neno ambalo Mboni alilibeba miaka yote lilikuwa limetoka, na halikumpa nafuu yoyote. Akamchukua mtoto, akamweka begani, akampigapiga mgongo.

"Labda naye alikuwa akiipika," akasema polepole. "Wengi wanaipika. Mimi sikumkuta, siwezi kujua. Bibi asingeitambua kama hajawahi kuila."

Zubeda akajifuta macho. "Kweli, eh?"

"Kula, inapoa."

Zubeda akala. Mboni alikaa naye mpaka arobaini ilipokwisha, akifua, akipika, akimkanda. Siku ya kuondoka Zubeda alimsindikiza hadi barabarani, akamsaidia kupanda lori, akampungia mkono. Mboni alishuka Mlandizi akashika njia ya Kwala. Njiani alikutana na wanawake wanatoka kuchota maji, wakasalimiana, wakamuuliza anatoka wapi.

"Kwa mwanangu," akawajibu. "Kajifungua mtoto wa kike."

Wakampongeza, wakaendelea na safari yao. Alisikia mazungumzo yao kwa muda, kisha yakapotea upande wa pili wa kilima, naye akaendelea kutembea.