Kovu la Maman

Ninyi vijana munaosafisha sura zenu kwenye telefone, musome hii mpaka mwisho. Mujukuu wangu anapaka rangi za maji mezani, anatazama foto yangu, na harufu ya karatasi iliyolowa imenirudisha mbali.

Maman alipokufa alituachia foto moja ndogo. Papa akaipeleka kwa muchoraji wa mutaa wa Nyawera, atutengenezee picha kubwa ya siku ya kuondoa matanga. Tulipoifuata, rangi ilikuwa haijakauka. Shavuni, pale mafuta ya mawese yalipomuunguza maman, palikuwa laini kama yai.

"Papa, lile kovu nimelitoa," muchoraji akasema. "Ni zawadi yangu."

Mudogo wangu, aliyezoea kulala akishika kovu lile, akaangalia sana. "Papa, uyu maman ni wa nani?"

Papa akamwambia muchoraji, "Rudisha kovu. Uyu mutoto atamusahau mama yake."

Muchoraji akachovya brashi kwenye rangi ya kahawia, akaligusa shavu polepole. Mudogo wangu akanyoosha kidole, kikatoka na rangi.

Leo nimeamuru nyumba yangu yote: makunyanzi yangu yachorwe, na mutu asinipunguzie hata moja.